K Tatu, Vitendo Kumi: Istilahi za Kazi za Kila Siku katika Darasa la Kwanza na la Pili

1. Utangulizi

Mwalimu wa darasa la kwanza anapofunga kumbukumbu zake za maendeleo mwishoni mwa mwaka, aghalabu huandika mbele ya jina la kila mtoto maneno machache tu: "Anajua kusoma", "Anajua kuandika", "Anajua kuhesabu". Maneno hayo hupelekwa kwa mzazi, kisha kwa mwalimu mkuu, na kutoka hapo huingia katika taarifa za kata na za wilaya yakiwa yamekwisha geuka takwimu. Kila ayapokeaye huyaelewa kwa namna yake. Mzazi hufahamu kwamba mwanawe sasa aweza kumsomea barua. Mwalimu wa darasa la tatu hufahamu kwamba mtoto aweza kusoma swali na kulijibu bila ya kusaidiwa. Na yule mwalimu aliyeandika, labda alikusudia tu kwamba mtoto aweza kutamka silabi zilizoandikwa ubaoni. Hapana hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Lakini mtoto ndiye atakayeumia, maana amepandishwa ngazi ambayo mguu wake haujaifikia, na karatasi inasema kwamba ameifikia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chanzo kimoja cha matatizo ya namna hii ni istilahi. Kila moja kati ya zile K tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, inafunika vitendo kadhaa vilivyo mbalimbali, ambavyo mtoto hujifunza kwa nyakati mbalimbali na kwa shida mbalimbali. Tukitumia jina moja kwa vitendo vyote hivyo, hatuwezi kujua ni kipi mtoto amekiweza na ni kipi kimemshinda. Haja yetu hapa si kubuni maneno mapya. Maneno tunayo, na mengi yamekwisha zoeleka madarasani; linalotakiwa ni kuyapanga na kulipa kila moja kazi yake.

2. Asili ya mambo

Mwaka 1967, mwaka uleule Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania Bara. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza watoto wote waliofikia umri wa kwenda shule waandikishwe, na utekelezaji wake ukafikia kilele mwaka 1977. Baadaye ada zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, madarasa ya chini yalijaa watoto wengi zaidi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa 2015 ulizifanya K tatu kuwa kiini cha mafunzo ya madarasa hayo. Mitaala imebadilika tena tangu hapo, lakini stadi hizo tatu zimebaki kuwa msingi.

Historia hii inahusika na istilahi kwa sababu moja. Darasa linapokuwa na watoto wengi, mwalimu hulazimika kutegemea kuitikia kwa pamoja. Anaonyesha kwa fimbo silabi "ba", darasa zima linaitikia "ba". Anaonyesha "be", linaitikia "be". Sauti hiyo ya pamoja ni nzuri kuisikiliza, na ina faida yake, kwani humpa moyo mtoto mwoga. Walakini, ndani yake wamo wanaosoma, wamo wanaokumbuka, na wamo wanaomfuata jirani. Mwalimu ambaye lugha yake ina neno moja tu la kuwaelezea wote hao, atawahesabu wote kuwa ni wasomaji.

3. Kusoma

Kitenzi "soma" kina maana nyingi katika matumizi ya kila siku. Kwanza, kutazama maandishi na kuyafahamu: "Anasoma gazeti." Pili, kuwa mwanafunzi: "Anasoma darasa la pili." Tatu, kujifunza fani fulani: "Anasoma uganga." Nne, kurudia masomo kwa ajili ya mtihani: "Usiku kucha alikuwa akisoma", ambapo watu wa pwani waliopitia chuoni husema kwa usahihi zaidi "akidurusu". Ndiyo maana katika Kiswahili yaweza kusemwa, bila ya kosa la sarufi wala la mantiki, kwamba mtoto anasoma lakini hajui kusoma.

Hata tukiishika ile maana ya kwanza peke yake, bado tunakuta ndani yake vitendo vitatu.

(a) Kutambua herufi. Mtoto anaona umbo, analitofautisha na maumbo mengine, na anatoa sauti yake. Hapa ndipo "b" na "d", au "m" na "n", humchanganya. Yafaa kukumbuka kwamba jina la herufi na sauti ya herufi ni vitu viwili. Mtoto anayeiita herufi ya kwanza ya neno "baba" kwa jina lake, "be", kisha akaambiwa aiunge na "a", ana haki ya kutatizika, maana alichonacho mdomoni ni "be" na "a".

(b) Kuunganisha silabi. Mtoto anaunga konsonanti na irabu kupata silabi, na silabi kupata neno. Katika hatua hii Kiswahili kina baraka kubwa: herufi zake na sauti zake hulingana karibu moja kwa moja. Irabu ni tano tu, na kila moja hutamkwa vilevile popote iwapo. Mtoto akishashika silabi za kawaida, na baadaye zile zenye konsonanti mwambatano kama "mwa", "nda" na "ng'o", aweza kulitamka karibu neno lolote atakalowekewa mbele yake.

Lakini baraka hiyo ina mtego wake. Kwa kuwa maandishi yetu ni mepesi kutamkika, mtoto aweza kuyatamka yote pasipo kufahamu lolote. Mtoto wa nyumba inayozungumza Kisukuma au Kigogo, ambaye Kiswahili amekikuta shuleni, aweza kusoma aya nzima kwa sauti safi, bila ya kukwama, ilhali akiulizwa habari iliyomo anabaki kukodoa macho. Msikilizaji aliyeko dirishani atashuhudia kwamba huyo amesoma. Wahenga walisema, "Asiyejua maana haambiwi maana". Lakini mtoto huyu hana budi kuambiwa maana, na ataambiwa pale tu mwalimu atakapogundua kwamba hana.

(c) Kusoma kwa ufahamu. Mtoto anatamka neno na papo hapo linamletea akilini kitu, tendo au habari. Ufahamu si pambo linaloongezwa baada ya kusoma. Mara nyingine hata matamshi yenyewe yanautegemea. Tuchukue neno "mbuni". Likiwa ni jina la yule ndege mkubwa, lina silabi mbili: mbu-ni. Likiwa ni jina la mti wa kahawa, lina silabi tatu: m-bu-ni. Herufi ni zilezile, lakini msomaji hawezi kujua atamke vipi mpaka ajue kama habari ni ya ndege au ya shamba. Vivyo hivyo neno "barabara": mkazo ukiwa juu ya silabi ya tatu, ni njia kuu, ukiwa juu ya silabi ya pili, maana yake ni sawasawa kabisa. Mwalimu makini anaweza kuutumia mtego huu kwa faida: aandike sentensi mbili zenye neno moja, na asikilize tu. Sikio litamwambia nani anaelewa.

Nje ya vitendo hivi vitatu kipo cha nne ambacho si kusoma, ijapokuwa hufanana nako sana. Nacho ni kukariri. Neno hili limetokana na Kiarabu na asili ya maana yake ni kurudiarudia. Mtoto aliyesikia hadithi ya kitabu mara ishirini aweza kukishika kitabu hicho, afunue kurasa kwa wakati wake, na aseme kila neno lililomo. Njia ya kumtambua ni rahisi: mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa, au mfiche picha. Neno "kukariri" lina tatizo jingine kwa watumishi wa ofisini, maana hutumika pia kwa mtoto anayerudia darasa. Taarifa isemayo "wanafunzi wanaokariri ni wengi" yaweza kufahamika kwa namna mbili zisizohusiana kabisa. Tunashauri kwamba kwa jambo hili la pili litumike "kurudia darasa" peke yake, na "kukariri" kubakizwe kwa kusema jambo kwa kulikumbuka.

Ama "kusoma kwa sauti" na "kusoma kimya", hizo ni namna za kusoma, si hatua za kusoma. Mtoto wa hatua yoyote aweza kutakiwa asome kwa sauti. Kwa hiyo kuandika "Anasoma kwa sauti vizuri" si kueleza maendeleo yake, mpaka tuseme anasoma nini na anafahamu kiasi gani. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanywa nyumba kwa nyumba Afrika Mashariki kati ya 2009 na 2010, zilifuata njia iliyo nzuri kwa mtazamo wa istilahi: hazikuuliza tu kama mtoto anajua kusoma, bali zilimpima kwa ngazi, akiwemo anayeweza neno, anayeweza aya, na anayeweza hadithi. Swali lilipobadilika, majibu nayo yakawa na manufaa.

4. Kuandika

Kitenzi "andika" kimezaa majina mengi, na kila jina lina kazi yake: mwandiko, maandishi, maandiko, uandishi, uandikishaji. Darasani tunahitaji sana kutenga mawili ya kwanza. Mwandiko ni sura ya herufi kama mkono ulivyozichora. Maandishi ni kile kilichoandikwa na habari yake. Mtoto mwenye mwandiko mzuri huonekana haraka, kwa sababu daftari lake ni safi na mistari yake imenyooka. Kwa ajili hiyo huandikiwa "Anajua kuandika", ingawa labda hajawahi kuandika hata sentensi moja iliyo yake mwenyewe. Tunapendekeza vitendo vinne vitengwe.

(a) Kuumba herufi. Hapa ndipo mtoto anapojifunza kushika penseli, kukaa, kuanza juu na kushuka, na kuheshimu mstari. Ni kazi ya mkono na jicho. Watoto huanzia hewani kwa kidole, kisha kwenye mchanga, kisha kwenye karatasi.

(b) Kunakili. Mtoto anatazama ubao na kuhamishia daftarini. Aweza kunakili ukurasa mzima bila ya kujua kilichoandikwa, kama mtu achoraye ramani ya nchi asiyoijua. Neno hili litumike kwa kazi halali iliyoagizwa na mwalimu. Mtoto anayechungulia daftari la jirani wakati wa jaribio haitwi ananakili, huyo anaibia.

(c) Kuandika imla. Mwalimu anatamka, mtoto anaandika. Imla huunga sikio na mkono, na hufichua mambo ambayo kunakili hakuyafichui: ni nani asiyesikia tofauti ya "r" na "l", ni nani anayeandika "samani" pale palipotamkwa "thamani", ni nani asiyejua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Mtoto anayeandika "ninakwenda" katika vipande vitatu, au "kwa sababu" kama kipande kimoja, amekosea jambo la sarufi wala si la mwandiko. Asahihishwe kwa jambo hilo.

(d) Kutunga. Mtoto anaandika alilowaza mwenyewe, hata kama ni sentensi ya maneno mawili: "Mama amekuja." Hiki ndicho kilele cha K ya pili. Neno "insha" liachiwe madarasa ya juu, ambako utungaji huwa mrefu na wenye mpango. Katika darasa la kwanza na la pili "kutunga sentensi" kunatosha na kunaeleweka.

5. Kuhesabu

K ya tatu ndiyo yenye utata kuliko zote, maana kitenzi "hesabu" hutumika kwa mtoto anayetaja namba kwa mpangilio, kwa mtoto anayeshika vijiti na kujua viko vingapi, na kwa mtoto anayejumlisha na kutoa. Juu ya hayo, "hesabu" kama jina lilikuwa jina la somo lenyewe kabla ya "hisabati" kuenea. Na majina yote mawili yanatokana na shina moja la Kiarabu.

(a) Kutaja namba. Mtoto anasema moja, mbili, tatu, hadi kumi au hadi mia, kama wimbo. Ni jambo jema, lakini bado si kuhesabu. Mwekee visoda saba mezani umwambie avihesabu, nawe utazame kidole chake. Mara nyingi kidole hukimbia kuliko ulimi, au ulimi kuliko kidole, na visoda saba vikawa tisa.

(b) Kuhesabu vitu. Mtoto analinganisha jina moja la namba na kitu kimoja, asiruke wala asirudie, na anajua kwamba neno la mwisho alilolitaja ndilo idadi ya vyote. Hapa kuna maneno matatu yanayofaa kutengwa: namba, tarakimu na idadi. Tarakimu ni alama iandikwayo, kuanzia 0 hadi 9. Idadi ni wingi wa vitu vilivyopo. Namba ni lile wazo linaloviunga viwili hivyo. Tukisema "andika namba saba", tunataka alama. Tukisema "nipe vijiti saba", tunataka idadi. Aweza mtoto kulitimiza agizo moja na kushindwa jingine.

Kiswahili kinaongeza hapa tatizo ambalo baadhi ya lugha nyingine hazina, nalo ni upatanisho. Mtoto amezoea kutaja "mbili", lakini mbele ya vijiti anasikia "viwili", mbele ya watoto "wawili", mbele ya maembe "mawili". Kisha anakuta kwamba sita, saba na tisa, maneno yenye asili ya Kiarabu, hayabadiliki kamwe, wala kumi halibadiliki, ilhali nane inabadilika: vijiti vinane, watoto wanane. Mtoto akijibu "vijiti nane", je, amekosa hesabu au amekosa Kiswahili? Amepata hesabu. Mwalimu ampe alama yake ya hesabu, na kosa la upatanisho alichukue katika kipindi cha lugha. Kuyachanganya mawili hayo ni kumnyima mtoto haki yake, hasa yule ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao.

Majina ya makumi nayo yanataka uangalifu. Sitini inafanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa; lakini ishirini haifanani na mbili, wala thelathini na tatu, wala arobaini na nne, wala hamsini na tano. Mtoto hana njia ya kukisia. Kwa sababu hiyo maneno "mamoja" na "makumi" ni ya thamani kubwa: 34 ni makumi matatu na mamoja manne, na ndiyo tunayoiita thelathini na nne. Atangulie kuiona kwa vifungu vya vijiti kumikumi, jina lije baadaye.

(c) Kukokotoa. Tunapendekeza neno hili kwa kazi ya kutafuta jibu kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Hapa maneno ya matendo manne yana majirani yanayopotosha. "Toa" ni agizo la hesabu, na pia ni agizo la kila asubuhi: "Toeni madaftari." "Kugawa" ni kumpa kila mmoja chake, hata kama hakuna usawa; "kugawanya" ni kutenga mafungu yaliyo sawa. Na hatari kuliko yote ni "kuzidi" na "kuzidisha". Swali liulizwalo, "Juma ana maembe 8, Asha ana maembe 5; maembe ya Juma yanazidi ya Asha kwa mangapi?" linataka kutoa, na jibu ni 3. Lakini mtoto aliyefundishwa kutafuta neno la kumwongoza atakuta "yanazidi", akumbuke "kuzidisha", na aandike 40. Mtoto huyo hakukosa akili. Amefuata shina la neno kwa uaminifu. Mtunga maswali ndiye aliyepaswa kuliona hilo, na mwalimu ndiye anayepaswa kulieleza kabla ya siku ya mtihani.

6. Maneno ya kupima na kusahihisha

Kazi za darasani huitwa kwa majina yanayoingiliana: zoezi, kazi, jaribio, mtihani, upimaji. Asili za maneno hayo zinatuonyesha njia. Zoezi limetokana na kuzoeza. Shabaha yake ni kumzoeza mtoto jambo alilofundishwa, na kukosea ndani yake kunatarajiwa. Jaribio limetokana na kujaribu. Mwalimu anatazama kama fundisho limeingia. Mtihani ni wa mwisho wa kipindi kirefu na matokeo yake huamua jambo. Upimaji ni jina la jumla la kutafuta kiwango cha mtoto kwa njia yoyote ile, hata kwa kumsikiliza akisoma chini ya mwembe. Zoezi la asubuhi likiitwa mtihani, mtoto wa miaka saba huingiwa na hofu pasipo sababu; na mtihani ukiitwa zoezi, mzazi hupuuza.

Neno "kusahihisha" nalo linataka kutazamwa. Maana yake ni kufanya kitu kiwe sahihi. Mwalimu anayeweka alama ya kosa na kulirudisha daftari hajasahihisha kitu. Ameonyesha tu palipo na kosa. Kusahihisha kunakamilika pale mtoto anapofanya masahihisho, yaani anapolirudia jambo kwa usahihi. Katika madaftari mengi kuna alama nyekundu nyingi na masahihisho machache. Neno lenyewe linatudai zaidi ya hayo.

7. Neno kwa wafasiri na watumishi wa ofisini

Mfasiri wa vitabu vya walimu hukutana na lugha za kigeni ambazo zina kitenzi kimoja cha kutazama maandishi na kingine cha kujifunza. Akivitafsiri vyote kwa "kusoma", kitabu kizima hupoteza mafundisho yake. Kwa cha pili atumie "kujifunza" au, panapofaa, "kudurusu". Aidha, "msomaji" ni mtu anayesoma maandishi, na "msomi" ni mtu mwenye elimu kubwa. Mtoto wa darasa la pili aweza kuwa msomaji hodari, lakini kumwita msomi ni mzaha. "Kusomesha" pia kutazamwe: Zanzibar na Kenya maana yake aghalabu ni kufundisha, wakati Tanzania Bara mara nyingi ni kumlipia mtu gharama za masomo. Waraka unaokusudiwa kusomwa pande zote utumie "kufundisha" au "kulipia masomo".

Kwa watumishi wanaotayarisha fomu na dodoso, ushauri ni mmoja. Pasiwe na kisanduku kinachouliza "Anajua kusoma? Ndiyo/Hapana" peke yake. Viwepo visanduku vitatu: anatambua herufi, anaunganisha silabi, anasoma kwa ufahamu. Karatasi itaongezeka mistari miwili tu, lakini itasema jambo ambalo mtu aweza kulifanyia kazi. Wilaya yenye watoto wengi wasiotambua herufi inahitaji kadi za herufi. Wilaya yenye watoto wengi wanaotamka pasipo kufahamu inahitaji vitabu vya hadithi na mazungumzo mengi ya Kiswahili darasani. Dawa si moja, kwa sababu ugonjwa si mmoja.

8. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Kusoma
1. Kutambua herufi: kutofautisha umbo la herufi na kutoa sauti yake.
2. Kuunganisha silabi: kuunga sauti kupata silabi, na silabi kupata neno.
3. Kusoma kwa ufahamu: kupata maana ya maandishi wakati wa kuyasoma.

Kuandika
4. Kuumba herufi: kuchora herufi kwa sura na mwelekeo wake sahihi.
5. Kunakili: kuhamisha maandishi yaliyo mbele ya macho.
6. Kuandika imla: kuandika kinachotamkwa na mtu mwingine.
7. Kutunga: kuandika wazo la mwandishi mwenyewe.

Kuhesabu
8. Kutaja namba: kusema majina ya namba kwa mfuatano wake.
9. Kuhesabu vitu: kupata idadi kwa kulinganisha namba na vitu.
10. Kukokotoa: kutafuta jibu kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya.

9. Hitimisho

Yawezekana baadhi ya wasomaji wetu wakaona kwamba tumeyakuza mambo madogo. Mwalimu ana watoto themanini, chaki imekwisha, na sisi tunamletea maneno kumi mahali pa matatu. Jibu letu ni kwamba mwalimu huyo ndiye hasa anayeyahitaji. Mwenye watoto kumi aweza kumjua kila mmoja kwa sura yake na kwa sauti yake, hata kama hana neno la kumwelezea. Mwenye themanini hana njia hiyo. Hujua kwa kile alichokiandika. Akiandika neno pana, mtoto hupotea ndani yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huanza siku mtoto anapotamka "m-bu-zi" mbele ya picha ya mbuzi bila ya kumwona mbuzi katika neno lile, na mtu mzima aliye karibu akaandika "Anajua kusoma". Ukuta wake tunauona miaka saba baadaye. Wasomaji, hasa walimu wa madarasa ya chini, wanaombwa kutuletea maneno wanayoyatumia kwa vitendo hivi katika shule zao, pamoja na mifano ya namna yanavyotumika, ili orodha hii ikosolewe na kukamilishwa na wale wanaoshika chaki.